Usiizime, Aabbo

Aabbo wangu, binti yangu Ifrah, asalaam aleikum, na kabla hujafika mstari wa pili nakuomba usicheke mwandiko. Mkono huu umezoea usukani na kamba ya ngamia. Kalamu nimeichomoa kwenye begi lako, lile ambalo hooyo, mama yako, amelifunga kwa kamba kama mbuzi wa kupelekwa soko la Griftu, na kalamu yenyewe sirudishi. Huko uendako zipo.

Wewe saa hizi uko kwa mama yangu, ayeeyo wako, upande ule mwingine wa bula, mtaa wetu, unaaga. Alasiri imeshaswaliwa. Hooyo wako anakaanga nyirinyiri, nyama ya safari, na moshi wote unakuja huku. Mimi nimejifungia ndani ya pikapu, vioo juu, jasho linanitiririka, kwa sababu watu wa nyumba hii wakiniona na karatasi watadhani nimeugua.

Unajua kwa nini nakuandikia Kiswahili? Kisomali nakiongea hadi ngamia mkaidi anapiga magoti, lakini kukiandika hakuna aliyenifundisha. Kiingereza ni chako. Kiswahili nilikwenda nacho hadi darasa la sita, tukaachana kwa amani, na ndicho kilichobaki mkononi. Ukinirekebishia ngeli kwa wino mwekundu nitapanda ndege nije nikuaibishe mbele ya wenzako.

Mambo ya sweta, ya kula, ya kutopoteza pasipoti, hooyo wako ameyasema hadi ukuta umeyajua. Mimi nakuandikia kwa jambo moja tu, na unalijua.

Ulipoliuliza mara ya kwanza tulikuwa tunakula anjera.

"Aabbo, umeniridhia niende ng'ambo kusoma?"

"Muulize Hogol," nikasema. "Yule ngamia ndiye mwenye mali hapa, mimi mfanyakazi wake."

Hooyo wako akacheka. Wewe hukucheka. Ukauliza tena tukiwa juu ya daraja, mto Tana umejaa matope chini yetu, nikakuambia radhi siku hizi zinauzwa Isili kwa mita kama vitambaa, twende tukachague rangi. Ukatazama maji. Halafu jana, humu humu ndani ya pikapu, ukageuka kiti kizima ukanikabili.

"Aabbo, mimi sitanii. Usiposema kwa mdomo wako, sipandi basi. Nafungua begi, namrudishia hooyo kamba yake."

Na mimi, ambaye wanaume wananiita Buuq, yaani kelele, mimi ninayejulikana kwa mdomo kutoka daraja hili hadi mto Daua kule Mandera, nikanyoosha mkono kwenye usukani. Nikapiga honi. Gari limeegeshwa, hakuna kuku wala mtoto mbele, na mimi napiga honi.

Sasa nitakujibu, lakini vumilia. Unanijua, siwezi kufika mahali bila kuzunguka. Lazima nipitie Kutulo.

Unaukumbuka ule ukame. Ngamia wetu walikuwa wamesukumwa na wachungaji hadi porini upande wa Kutulo, na sisi wawili tukawapelekea maji kwa mapipa, wewe ukiwa umefunga shule. Nilikuwa nimetoka kununua ile jipiesi, kidude cha kuonyesha njia, nimeivaa shingoni kama hirizi. Kila kibanda cha chai nilichopita nilitangaza, "Mimi siku hizi naongea na setilaiti." Mahali walipo wachungaji nilikuwa nimepawekea alama ndani yake. Kazi yangu ilikuwa kufuata mshale tu.

Njiani tukamkuta yule mzee na punda wake wawili. Akainua fimbo. "Warran?" akasema.

Kwetu hapo unasimama. Hata mkeo anajifungua, unasimama. Anakuuliza habari, unampa, naye anakupa zake: wingu limeonekana wapi, fisi yuko wapi, njia gani imefungwa. Asiyetoa habari porini ni mwizi au ni mgonjwa. Mimi sikuwa mwizi. Nikaigonga jipiesi kwenye kioo nikapaza sauti, "Habari zote ziko hapa, adeer!" nikapita na vumbi langu.

"Aabbo, hukusimama," ukasema.

"Yule ana habari za jana. Hii ina za sasa hivi."

Haukupita muda mshale ukatoweka. Kioo kikaandika kwamba inatafuta, inatafuta. Nikaipiga kofi. Nikaitukana nasaba yake. Nikatoa betri, nikarudisha, nikabonyeza kila kitufe hadi ikaniuliza kitu kwa Kiingereza, nikabonyeza ndiyo. Hapo ndipo ulipopiga kelele, "Usiizime, aabbo! Usiifute!" Nilikuwa nimeshafanya yote mawili.

"Kwa nini umesema ndiyo?"

"Iliuliza kwa adabu."

Ilikuwa imesahau setilaiti zake zote. Zilibaki zile alama zetu tu, alhamdulillahi. Ukanieleza huku umeshika kichwa. Jipiesi inayokumbuka ilikuwa wapi na ni saa ngapi, inajua leo nani yuko juu na amekaa upande gani, inatafuta pachache. Iliyosahau ni kama mtu aliyeamka hajui kama yuko Mandera au Mombasa. Lazima ipekue anga nzima, setilaiti moja baada ya nyingine, na kila moja inakimbia, sauti yake inapanda na kushuka kama honi ya lori linalokupita. Na kupekua hivyo kwenye kelele ndiyo balaa.

Kelele ipi, nikauliza, mbona pori kimya? Ilikotoka hasa hatukujua mpaka baadaye. Barabarani kule malori ya eskoti, msafara unaolindwa na askari, yalikuwa yamesimama kwa pancha, na gari moja la askari lilikuwa na ule mtambo wa kuziba mawimbi, ili mtu asilipue kitu barabarani kutoka mbali. Mtambo wenye nia njema. Ila hauchagui. Unapiga mayowe hadi kila chenye sikio karibu yake kiwe kiziwi, na setilaiti, masikini, ziko mbali mno, sauti yao ikifika chini ni ndogo kuliko pumzi ya panzi.

Nikaendesha kwa akili yangu. Akili yangu ikatuzungusha. Miiba ileile, kichuguu kilekile, maji yanapiga mapipa nyuma, na kule mbele watu na wanyama wenye kiu wanatungoja sisi.

"Aabbo, hizi alama za tairi ni zetu."

"Hapana. Ni za mtu mwenye gari zuri kama letu."

Ukatoa kichwa dirishani. Ukatazama huku na huku, ukaiona ile silanga kavu, bwawa la kuchimbwa lenye kingo za udongo zilizopanda kuliko kimo changu. "Teremka ndani."

"Humo hamna maji tangu mwaka juzi."

"Sitafuti maji. Natafuta kimya."

Ukasema kelele ya namna hiyo ni ya mitambo, na mitambo iko barabarani tu, kwa hiyo inakuja ubavuni, inatambaa na ardhi. Setilaiti ziko juu. Kingo za silanga zitaziba ubavu na hazitaziba anga. Nikakuuliza nani amekufundisha, mwalimu yupi, nimpelekee mbuzi.

"Ni wewe," ukasema.

Wallahi nilikuwa nimesahau. Ulikuwa mdogo, meno ya mbele hayapo, nimekupeleka kisimani upande wa Griftu. Injini ya pampu inanguruma, ngamia wa ukoo mzima wamesongamana, kila mmoja na koor yake, ile kengele ya mti, shingoni. Hogol alikuwa amechelewa kurudi na wewe unalia. Nikakukalisha nyuma ya ukuta wa hori, injini ikabaki upande wa pili. Nikakuambia usiipigie injini mayowe, itakushinda. Usisikilize koor kubwa. Koor ya Hogol ina ufa, inasema ko-ko, inanyamaza, ko. Ipige kichwani mwako. Isogeze mbele kidogo, irudishe nyuma kidogo, mpaka hiyo ya kichwani na ile ya porini zigongane. Ukisikia mara moja usiamini, mara moja ni upepo. Ngoja irudi palepale, na tena palepale. Upepo unachoka. Koor haichoki. Na injini, kwa ukubwa wake wote, haiujui mdundo.

Ukafumba macho. Ukakaa, ukakaa, halafu ukanyoosha kidole kwenye vumbi ambamo mimi mwenyewe sikuona kitu. "Yule pale." Na alikuwa yeye.

Basi kumbe jipiesi nayo ndivyo inavyofanya. Kila setilaiti ina mdundo wake, na jipiesi imezaliwa na nakala za midundo yote tumboni. Inaisogeza nakala mbele, inairudisha nyuma, inajumlisha tena na tena, mpaka kitu kilicho chini ya kelele kinainuka juu ya kelele. Ulinieleza hivyo tukiwa chini ya ile silanga, kwenye matope yaliyopasuka, umeiweka kiganjani bila kutikisika.

"Na wewe nyamaza kidogo."

"Mdomo wangu unaharibu mawimbi?"

"Hapana. Unaniharibia mimi."

Nikanyamaza. Tangu nizaliwe sijawahi kunyamaza hivyo, na sijarudia. Kijiti kimoja kikatokea kwenye kioo, kikafa. Kikarudi. Cha pili. Walikuja mmoja mmoja kama ngamia wanaokunywa kwa zamu. Nikataka tuondoke na watatu, ukanikatalia, ukasema tunamngoja wa nne, kwa sababu saa ya hii jipiesi ni ya bei rahisi, inadanganya, na wa nne ndiye anayeisahihisha. Akaja wa nne. Mshale ukasimama.

Tulipotoka kwenye silanga ikapotea tena, lakini sasa tulikuwa tumeshika upande, na kila tulipoipa mgongo barabara ilikuwa inarudi haraka, maana sasa inakumbuka. Na nani tukamkuta mbele? Mzee na punda wawili. Safari hii nilisimama. Nilizima na gari.

"Kidude chako kimekufa?" akauliza.

"Kilizimia tu, adeer."

"Ningekuambia. Nimetoka barabarani kule, eskoti imelala, hata redio yangu inakoroma tu." Akanyoosha fimbo. "Kama unatafuta wenye yule ngamia wa koor yenye ufa, wako kule."

Fimbo na mshale vilielekea mahali pamoja. Uliniangalia. Jicho hilo liliuma kuliko fimbo yake. Jioni ile Hogol aliingiza kichwa chote ndani ya pipa, tukacheka hadi wachungaji wakatushangaa.

Mimi nadhani ulianza kuondoka siku ile. Miaka yote baadaye ulikuwa nyumbani, lakini kichwa kilikuwa silangani. Mwezi uliopita uliweka vikombe vya chai juu ya mkeka, ukanionyesha jipiesi wanazotengeneza huko, zenye antena kadhaa zinazoshirikiana, zinajua kelele inatoka wapi na zinaipa sikio kiziwi upande huo tu, zinabaki na anga yote. Nikakuambia hiyo ni hooyo wako nikiongea mpira. Lakini nilikuwa nasikiliza. Nilisikiliza pia uliposema kelele si adui mbaya kuliko wote, kwamba mbaya ni yule anayeigiza mdundo wa setilaiti, anakuongoza taratibu, na mshale wako unaonekana mzima kabisa huku unapotea. Hilo sina la kuongeza. Watu wa kelele utawajua, umelelewa na mmoja. Atakayekuita kwa sauti ya nyumbani na hapajui nyumbani, huyo mtazame mara mbili.

Sasa nifike.

Mimi niliondoka nikiwa mdogo kuliko wewe, utingo wa lori la Mandera. Baba yangu alikuja kunisindikiza barabarani. Unajua alivyokuwa, neno lake moja lilikuwa la wiki. Injini ilikuwa imeshawaka, mimi niko juu ya turubai natania wapakiaji, najiona nimeinunua barabara. Akainua mkono. Nikaona midomo yake inacheza. Sikusikia kitu. Ningeweza kuruka chini nikamwuliza, lori lilikuwa bado halijatembea. Badala yake nikampigia mluzi, watu wakacheka, tukaenda.

Miaka niliyopiga ile barabara, kila nilipolala chini ya lori nilikuwa najiuliza. Alisema ameniridhia? Alisema nisirudi? Au aliniambia nifunge turubai? Nilirudi mara nyingi na sukari na majani ya chai. Tulizungumza ngamia. Kumwuliza nikaona haya, mimi nisiyeona haya ya kitu. Akafa mimi niko Mandera, Mungu amrehemu.

Baada ya mazishi ayeeyo wako akanikalisha. "Baba yako alikuridhia," akasema. "Kila alfajiri akimaliza kuswali aligeukia upande wa barabara, akasema maneno yaleyale. Hata siku ulizomkasirisha."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa unanyamaza lini?"

Aabbo, sina aibu ya kukuambia nililia kama ndama. Kila alfajiri, saa ileile, maneno yaleyale, miaka yote, na mimi sikio lilikuwa limejaa injini na mdomo wangu mwenyewe. Siku ile radhi zote zilinifikia kwa pamoja.

Kwa hiyo unaelewa ninavyojijua. Na bado jana nikapiga honi. Si kwamba radhi sina. Ninayo tangu silanga ile. Ila neno hili ndilo ufito wa mwisho kwenye lango la zizi, nikiutoa unapita, na nikiushikilia naona kama bado uko. Hicho kiti cha kushoto nilichowekea karatasi sasa hivi kimeshika umbo lako. Nani ataniambia alama za tairi ni zetu? Nani ataniambia ninyamaze na mimi nikubali? Hata Hogol, mzee sasa, akisikia pikapu anatazama mlango wako kwanza, halafu ndiyo ananitazama mimi, na anafanya ile sura.

Nimekuridhia, aabbo. Nimekuridhia kwenda, nimekuridhia kukaa huko, nimekuridhia kujua nisiyoyajua, nimekuridhia siku utakazonikasirisha. Mungu akutangulie. Nimekuridhia. Narudia makusudi, mara moja ni upepo.

Na kila alfajiri ya Garissa nitalisema, nimegeukia huko uliko. Hesabu saa mwenyewe, wewe ndiye uliyesoma. Siku kelele za huko zikikuzidi, utajua nitafutwe wapi na saa ngapi, hutahitaji kupekua anga nzima.

Ile jipiesi nimeiweka kwenye begi, hili hapa miguuni pangu, ndani ya soksi, usimwambie hooyo wako nimeifungua kamba yake. Utakapoiwasha huko usishtuke ikichelewa. Imezimwa Garissa, inaamshwa mbali. Kwanza itadhani bado iko hapa, itatafuta zilizo juu ya paa letu, na haitazipata. Usiipige kofi kama baba yako. Usiifute. Itoe nje, iweke palipo wazi, ikae. Zitakuja moja moja. Nyumba hii nimeitia alama humo ndani, nimeiandika AABBO.

Watu wa bara hutushangaa kwa hilo. Wewe unaniita aabbo, mimi nakuita aabbo, wanauliza, sasa baba ni nani hapa? Waache. Mimi naona ndivyo inavyotakiwa iwe. Neno moja, nakala moja kwako, nakala moja kwangu. Mwenye kelele hanayo.

Kesho pale kwenye basi nitakuharibia jina. Nitabishana na kondakta juu ya begi, nitamwambia dereva wewe ni waziri, nitacheka kwa sauti na watu watageuka. Wewe unajua kwa nini.

Nakuona sasa unakuja, unakung'uta mchanga viatuni kwenye kona ya duka. Unatembea kama ayeeyo wako, sikuwahi kuliona hilo. Nakunja karatasi hii naisukuma ndani ya soksi. Utagonga kioo uniulize nafanya nini humu na joto hili, na unanijua, nitapiga honi.

Sikiliza chini ya honi.

Aabbo